MATENGENEZO YA BOTI KUUKUU ZA FAIBA: UFA WA NJE NA UBOVU WA NDANI

Maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali wenye dhamana ya vyombo vya baharini na kwa wananchi wanaomiliki boti za mashine. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Fundi aliyelelewa katika kazi ya mbao anajua kwamba jahazi likikaa muda mrefu juu ya mchanga bila ya kuguswa na maji, mbao zake hunywea na kalafati yake hulegea. Ndiyo maana mabaharia hulimwagia maji kabla ya kulishusha, ili mbao zivimbe na nafasi zijifunge zenyewe. Kwa jahazi, maji ni sehemu ya matengenezo. Kwa boti ya faiba mambo ni kinyume. Maji yakishapata njia ya kuingia ndani ya ukuta wake hayafungi kitu; hukaa humo, hulegeza mshikamano wa nyuzi na rezini yake, huozesha mbao zilizofichwa ndani, na yote hayo hutendeka huku rangi ya nje ikiendelea kung'ara. Makosa mengi ya matengenezo huanzia hapo, yaani boti ya faiba inapotengenezwa kwa mazoea ya mashua.

Jambo hili si dogo kwa Serikali wala kwa raia. Kwa wakaazi wa visiwa vidogo kama vile Tumbatu na Kojani, safari ya mgonjwa kuelekea hospitali kubwa huanzia ndani ya chombo. Anayevushwa usiku hana nafasi ya kuuliza boti ilitengenezwa lini, na nani, wala kwa dawa gani. Aliyetia saini kwamba boti iko tayari ndiye aliyelijibu swali hilo kwa niaba yake.

Ukuta wa boti ya faiba una sehemu mbili zinazopaswa kutofautishwa. Ya nje ni ile ngozi nyembamba ya rezini yenye rangi, iitwayo jelikoti, ambayo unene wake aghalabu haufiki milimita moja. Kazi yake ni kukinga jua na maji, na kukipamba chombo. Haina nguvu ya kubeba kitu. Nyuma yake ndipo penye nguvu: matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoloweshwa rezini na kugandishwa pamoja, mengine ya mati ya nyuzi zilizokatwa na kutawanywa, mengine ya kitambaa kizito kilichofumwa. Boti nyingi zilizojengwa katika miaka ya 1970 na 1980 zilitumia rezini ya poliesta, na kuta zake mara nyingi ni nene kuliko za boti za baadaye. Unene huo umewadanganya wengi, wakadhani kwamba chombo kinene hakihitaji kuangaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika msasa, ufa unapaswa kusomwa. Nyufa zinazotoka mahali pamoja na kutawanyika kama nyota huonesha kwamba boti iligongwa hapo: jiwe, gati, nanga iliyoanguka, au ubavu wa chombo kingine. Nyufa zinazokwenda sambamba, moja chini ya nyengine, huonesha kwamba ukuta unapindana mahali hapo kila boti inapopiga wimbi, na pengine kiungo kilichopo nyuma yake kimeachana na ubavu. Nyufa za pembeni, penye kona kali za sitaha au kuzunguka nguzo za kushikia, mara nyingine hazina maana kubwa. Jelikoti ilimwagwa nene mno kwenye kona tangu kiwandani, na ikapasuka. Fundi anayeziba nyufa zote hizi kwa namna moja ni sawa na tabibu anayetoa dawa moja kwa kila homa. Ufa wa mpindano ukizibwa bila ya kuimarishwa kilicho nyuma yake, hurudi mahali pale pale baada ya safari chache, kwani sababu yake haikuguswa.

Baada ya macho huja masikio. Boti hugongwa polepole, kiganja kwa kiganja, kwa mpini wa nyundo au kwa sarafu nzito. Faiba nzima hutoa sauti kali na fupi. Iliyoachana matabaka, au iliyolowa ndani, hutoa sauti nzito iliyokufa. Mahali penye sauti hiyo pazungushiwe kalamu, na uchunguzi uendelee hadi mpaka wa ubovu ujulikane pande zote. Mara nyingi duara hilo huwa kubwa kuliko ufa ulioonekana, na hapo ndipo hesabu ya kazi na ya fedha hubadilika. Ni afadhali ibadilike mapema kuliko baada ya boti kurudi majini.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko zote katika boti kuukuu ni tezi, pale inapopachikwa mashine. Katika boti nyingi, ubao wa tezi umejengwa kwa plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Ukiangalia nje hutaona mbao kabisa. Lakini mashine hushikiliwa kwa boliti zilizopita katika matundu yaliyotobolewa kwenye plaiwudi hiyo, na dawa ya kuzibia matundu hayo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Maji hupenya tone kwa tone. Plaiwudi hulowa, kisha hulainika, kisha huwa kama majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Faiba ya nje na ya ndani hubaki zimesimama, nyembamba, zikiibeba mashine ya nguvu ya farasi 40 inayosukuma boti nzima pamoja na abiria wake.

Dalili zake zipo kwa mwenye kuzitafuta. Boliti za mashine zinapokazwa, chuma huzama ndani ya ukuta badala ya kukaza. Nyufa nyembamba hutokea katika kona ambapo tezi inakutana na mbavu. Mashine ikishikwa chini na kuinuliwa kwa mkono, ubao wa tezi huonekana kucheza. Ikiwa shaka ipo, tundu dogo litobolewe kwa upande wa ndani, karibu na chini ambako maji hutuama, na vumbi la keekee litazamwe: likitoka jeupe na kavu, mbao ni nzima, likitoka rangi ya kahawia na limelowa, hakuna haja ya kubishana. Tundu hilo huzibwa kwa dakika chache. Tezi iliyooza haitengenezwi kwa kupakwa kitu juu. Faiba ya upande mmoja hukatwa, mbao mbovu hutolewa zote, mbao mpya huwekwa na kufunikwa upya. Ni kazi ya gharama, na ndiyo ambayo afisa mwenye dhamana hushawishika zaidi kuiahirisha. Ikiahirishwa, basi boti nayo iahirishwe.

Mbali na nyufa, boti kuukuu huota malengelenge chini ya mstari wa maji. Hutokana na maji yanayopenya jelikoti kidogo kidogo kwa miaka, yakakutana na chembe zinazoyeyuka ndani ya rezini na kufanya umajimaji wenye ukali. Lengelenge likitobolewa, umajimaji hutoka kwa nguvu na mara nyingi huwa na harufu ya siki. Anayelitoboa avae miwani. Malengelenge machache hayazamishi boti. Yakiwa yametapakaa chini yote, ni ishara kwamba ukuta umelowa na unahitaji kipindi kirefu nje ya maji.

Inafaa kutaja hapa desturi moja inayoeleweka lakini isiyofaa. Wavuvi wamezoea kukifanyia chombo kazi baina ya maji mawili: bahari ikipwa chombo hukaa juu ya mchanga, hukwanguliwa na kupakwa, na bahari ikijaa huelea tena. Kwa ngalawa na mashua utaratibu huo ni wa akili. Kwa faiba, saa hizo hazitoshi hata kukausha sehemu ya kazi. Hata hivyo hutokea ufa ukazibwa kwa fila ya magari, ile wanayotumia mafundi wa bodi, ukapigwa msasa na kupakwa rangi kabla ya maji kurudi. Fila hiyo imetengenezwa kwa unga unaofyonza maji. Juu ya gari hudumu. Chini ya mstari wa maji hulowa, huvimba na kubanduka, na hubanduka boti inapokwenda kasi, yaani inapokuwa mbali na pwani.

Basi kazi ya kwanza ni kukausha, na kazi hiyo haiharakishwi kwa amri. Boti ipandishwe juu, iwekwe chini ya paa au turubai inayopitisha upepo, na isilalie ubavu mmoja, kwani nayo hupinda ikikalishwa vibaya kwa wiki nyingi. Ioshwe kwa maji baridi ya bomba, ndani na nje, zaidi ya mara moja, kwa sababu chumvi iliyobaki katika nyufa huvuta unyevu wa hewa na kuzuia ukavu. Maji ya ngama yatolewe yote na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Kisha sehemu zilizotiwa alama zifunguliwe, jelikoti mbovu ikwanguliwe, na upepo uachiwe nafasi. Ili kujua kama ukuta umekauka, karatasi safi ya nailoni hubandikwa juu yake kwa utepe pande zote nne na kuachwa kutwa nzima. Ukionekana umande upande wa ndani wa nailoni, bado.

Kwa sababu hiyo ratiba ya matengenezo ifuate majira, isisubiri mpaka boti iharibike. Miezi ya Januari na Februari, kabla ya masika, na miezi ya kipupwe, kabla ya mvua za vuli, ndiyo inayofaa. Boti iliyopandishwa mwezi wa Aprili itakaa juu muda mrefu, na mwenye nayo atalaumu mafundi bure.

Ukuta ukishakauka, uoshwe kwa asetoni kabla ya kupigwa msasa. Wengi hugeuza mpango huu, wakapiga msasa kwanza, na kumbe nta na mafuta yaliyokuwa juu husukumwa ndani ya mikwaruzo mipya. Petroli na mafuta ya taa yasitumike kuoshea, kwani huacha utelezi. Na boti ambayo mwenyewe aliipaka sifa, kwa nia njema na kwa mazoea ya mbao, itamhitaji fundi mvumilivu sana, maana rezini haishiki juu ya mafuta ya papa.

Kisha hufuata kusaga. Kila kilichovunjika, kilichoachana au kubadilika rangi kiondolewe hadi faiba nzima ionekane. Kingo za tundu zisiachwe wima kama kingo za dirisha. Zisagwe ziwe mteremko mrefu. Kipimo kinachokubalika kwa sehemu zenye kubeba nguvu ni mara 12 ya unene. Ukuta wa milimita 8, kwa mfano, unataka mteremko wa karibu sentimita 10 kila upande. Hivyo tundu la upana wa sentimita 20 huwa kazi ya upana wa sentimita 40. Mwenye boti asiyeelezwa jambo hili mapema hudhani fundi anamharibia chombo. Sababu yake ni nyepesi: faiba mpya haiyeyukii ndani ya ile kuukuu, bali huishika kwa kugandamana tu, na kadiri mahali pa kushikana panapokuwa papana ndivyo kiraka kinavyohimili kuvutwa. Pale inapowezekana mteremko usagwe kwa upande wa ndani, ili umbo la nje lisiguswe sana. Nyuma ya tundu huwekwa ubao laini uliofunikwa nailoni, ukalishikilia umbo la boti mpaka rezini igande.

Suala la dawa lina mambo mawili. La kwanza ni kuchagua baina ya poliesta na epoksi. Epoksi hushika faiba kuukuu kwa nguvu zaidi, lakini ni ghali, na jelikoti ya kawaida ya poliesta haishiki vizuri juu yake. Anayetumia epoksi ajitayarishe kumalizia kwa rangi ya boti. Aidha, mati ya kawaida ya nyuzi zilizokatwa imeunganishwa kwa gundi inayoyeyushwa na rezini ya poliesta, wala si kwa epoksi. Epoksi hutumiwa na kitambaa kilichofumwa. Poliesta, ikitumiwa kwa mteremko uliotajwa na juu ya ukuta mkavu, inatosha kwa matengenezo mengi ya boti za poliesta.

La pili ni kuchanganya. Rezini ya poliesta hugandishwa kwa kigandishi ambacho mafundi hukiita hadena, kimiminika kijulikanacho kwa herufi MEKP. Kiasi chake ni baina ya gramu 10 na 20 kwa kila kilo ya rezini, na kipimwe kwa mizani au bomba la sindano, si kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa. Katika joto la visiwa hivi kiasi cha chini ndicho kinachofaa, lakini kisipungue hapo: rezini iliyonyimwa hadena hugeuka kama ulimbo na haikauki kamwe, na dawa ya kuirekebisha ni kuikwangua yote. Joto likizidi, fundi apunguze wingi wa rezini anayoichanganya kwa mara moja, na afanye kazi asubuhi kivulini. Rezini iliyobaki kwenye kopo hupata moto yenyewe, hufuka moshi na huweza kuwaka; imwagwe juu ya mchanga ikiwa nyembamba, mbali na asetoni.

Zipo rezini zinazouzwa bila ya kichapuzi, zikahitaji kutiwa kobalti kwanza. Kobalti ichanganywe na rezini mpaka iishe kuonekana, ndipo hadena itiwe. Kobalti na hadena zisikutane peke yake hata tone, na zisihifadhiwe rafu moja, kwani hulipuka. Watunza ghala wa Serikali waliangalie jambo hili leo, bila ya kungoja boti yoyote kuharibika. Hadena ikiingia jichoni huweza kupofua. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi, kwa muda mrefu, na mtu apelekwe hospitali. Vumbi la faiba nalo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa, miwani na glavu viwemo katika hesabu ya vifaa tangu siku ya kwanza. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

Kulaza faiba kwenyewe ni kazi ya subira kuliko ya nguvu. Ukuta hupakwa rezini, mati huwekwa, rezini huongezwa, na rola ya chuma hupitishwa mpaka kila kiputo cha hewa kitoke na mati, iliyokuwa nyeupe, ionekane kama kioo. Palipobaki weupe pana hewa, na penye hewa maji yatapata makaazi. Tabaka moja la mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita moja, hivyo ukuta wa milimita 8 unataka matabaka manane hivi, kila moja likikatwa kwa kipimo chake kufuata mteremko. Yasilazwe yote kwa pamoja. Matatu au manne yakigandishwa na kupoa, ndipo mengine yaendelee. Kwa tundu la mfano uliotolewa, rezini yote haifiki kilo moja. Kinachogharimu katika matengenezo haya ni siku za boti kukaa juu.

Jelikoti huja mwisho. Isipakwe nyembamba kama rangi ya ukuta wa nyumba, na kwa kuwa poliesta ya jelikoti haikauki vizuri uso wake ukiguswa na hewa, ama itiwe nta maalumu au ifunikwe karatasi ya nailoni hadi igande. Baadaye hupigwa msasa wa maji, kuanzia mkavu wa namba 220 na kupanda hadi 1000, kisha hung'arishwa. Rangi yake ilinganishwe na sehemu ya zamani iliyokwisha kusuguliwa, si na ile iliyopaushwa na jua. Kiraka kisipofanana kabisa na jirani yake, hakuna aliyewahi kuzama kwa sababu hiyo.

Boti ikirudishwa majini, isipakie mtu siku hiyo. Ielee imefungwa kwa saa kadhaa huku ngama ikitazamwa, kisha nahodha na fundi watoke nayo wawili tu, kwanza polepole, halafu kwa kasi, ndani ya maji yaliyo karibu na pwani. Ikirudi igongwe tena kwa mpini wa nyundo pale palipotengenezwa. Ukingo wa kiraka uchorwe kwa kalamu kwa upande wa ndani, na tarehe, aina ya rezini na idadi ya matabaka viandikwe katika daftari la chombo pamoja na jina la fundi na la afisa aliyeikubali kazi. Baada ya mwezi mmoja boti ipandishwe na mstari ule wa kalamu utazamwe. Ukionekana ufa umeuvuka, boti ibaki juu, na daftari lifunguliwe ukurasa ule.